Treni Isiyoua Mtu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi penye mwanga, na miwani iko usoni, si kwenye kikapu cha nyuzi inakopotelea kila siku. Mimi ni mzima, nashukuru. Nakula, nalala kiasi changu, naenda kazini na kurudi. Nina hamu ya kujua hali yako wewe: miguu inakusumbua vipi na baridi hii, na ile homa imekuacha kabisa au inajificha tu? Tafadhali usinijibu kwamba hujambo kwa sababu eti mtu mzima halalamiki. Wifi yangu ameshanisimulia yote, na katika jambo hili namwamini yeye kuliko wewe, unisamehe.

Ameniambia cherehani umeifunika shuka tangu tulipomzika kaka, na wateja wakija unawaambia waende kwingine. Ameniambia chakula unakigusagusa tu, kisha unasema umeshiba. Na ameniambia neno ulilolitamka jikoni juzi ukidhani uko peke yako, kwamba wewe ndiye uliyemuua mwanao. Mama jamani! Wifi alikata simu, mimi nikabaki nimeishika sikioni kama mwendawazimu. Tangu hapo kila nikikupigia na kuanza habari ya kaka unanikatisha, unasema yaliyopita si ndwele, halafu unaniuliza kama nimekula. Sasa nimeamua kuandika, maana barua huwezi kuikatisha. Isome mwenyewe, taratibu, wala usimpe mtu akusomee. Wifi nitamwandikia yake.

Najua kinachokutafuna. Usiku wa kuamkia siku ya ajali ulikuwa na homa kali, na kaka, Kobe wetu, alikaa kando ya kitanda chako akikubadilishia kitambaa cha maji usoni mpaka kukapambazuka. Ulimwambia akalale, akaitikia sawa, na hakwenda. Asubuhi akanawa uso, akanywa chai amesimama, akaenda kuendesha treni ya abiria. Kabla ya mchana treni ile ilikuwa imeigonga treni ya mizigo kwa nyuma, pale kwenye kona ya mlimani. Watu tisa wakafa, na yeye wa kumi. Udongo wa kaburi haujakauka, maneno yakaanza: dereva alisinzia. Yakasemwa kituoni, yakasemwa sokoni, yakasemwa hata na wale waliokuja kutulilia msibani na kula sahani mbili mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mama. Na wewe ukapiga hesabu yako kimyakimya: kama alisinzia ni kwa sababu alikesha, na kama alikesha ni kwa ajili yako.

Siku ya arobaini nilikusikia ukimwambia shangazi kwamba lisemwalo lipo. Nilitaka kukujibu pale pale, lakini sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Nitakueleza kuanzia mwanzo, kwa sababu nikianza na mwisho utasema nakubembeleza tu, na mimi na wewe tunajua kwamba kubembeleza sikuweza tangu utotoni.

Kwanza kazi yangu. Najua majirani unawaambia kwamba kitindamimba wako anacheza na kompyuta mjini, na sikulaumu, sijawahi kukueleza vizuri. Unakumbuka uliponifundisha kukata gauni? Hukuniruhusu kugusa kitambaa cha mteja. Ulinipa magazeti, nikapiga chaki, nikakata, nikayaunganisha kwa pini, na nilipokosea shingo ikatoka kama mdomo wa gunia ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia karatasi ikiharibika tunawashia jiko, ila kitambaa hakirudi. Basi kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Kuna kompyuta inayowasha taa za njia ya reli, nyekundu na kijani, na kuwaambia madereva nani apite na nani asubiri. Wapo wanaoiandikia maagizo yake. Mimi kazi yangu ni kuwatafutia makosa yao kabla hayajafika relini. Na makosa hayo huwezi kuyatafutia kwenye reli yenyewe, watu wamo ndani, wamebeba watoto na mizigo. Tunayatafutia kwenye karatasi.

Karatasi yetu ni chumba kimoja cha chini, hakina dirisha, kinanuka nyaya zilizopata moto na zulia la zamani. Ukutani vioo vimepangwa, na ndani ya vioo hivyo kuna njia nzima ya reli, kila mlima, kila daraja, kila kona, kama ilivyopimwa. Mbele yake tumeweka kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye injini mbovu, mto wake umechanika, na mikono ya breki ni ya kweli. Ile kompyuta ya taa tunaiunganisha humo, nayo haijui kama iko chumbani. Inadhani inaongoza treni za kweli. Tunaidanganya, mama, na tunaidanganya vizuri. Tunainyeshea mvua, tunaishushia ukungu, tunaikatia umeme, tunaipofusha taa moja, tunailetea treni mbili uso kwa uso tuone itafanya nini. Zikigongana, kioo kinakuwa chekundu, mtu anasema pole, nami nabonyeza kitufe cha kuanza upya. Treni zote zinarudi kituoni, hakuna aliyekwaruzwa hata kidole.

Usidharau mchezo huo. Mwaka juzi tulikamata humo kosa ambalo lingekuja kuitupa treni darajani siku ya mvua kubwa. Relini lingeweza kukaa miaka likisubiri mvua yake, chumbani tulilileta mchana mmoja, tukalirudia mara tulizotaka mpaka tukajua lilipojificha. Hakuna abiria anayelijua. Watu hawashukuru kwa ajali ambayo haikutokea, na mimi nilikuwa sijali, niliona fahari yangu peke yangu nikipanda treni na kuwatazama wamelala midomo wazi.

Kobe alikuja kututembelea mara moja. Unajua alivyokuwa, tulisema tutakutana saa nne akafika karibu na chakula cha mchana, na nilipomgombeza akaniambia simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nikamjibu kama nilivyokuwa nikimjibu siku zote, kwamba yeye si simba. Akakaa kwenye kiti chetu, akashikashika breki, akatazama treni za kwenye kioo zinavyokwenda. Ndani ya treni hizo kuna dereva wa bandia tuliyemtengeneza kwa kufuata kitabu cha sheria za madereva, neno kwa neno. Akiambiwa simama anasimama. Akiambiwa nenda anakwenda. Kobe alimtazama huyo dereva muda mrefu, kisha akasema huyu si dereva, huyu ni mtakatifu, hapigi miayo, hajikuni, hana mke wa kumpigia simu. Tulicheka wote. Toka siku hiyo jina likamganda, ofisi nzima tunamwita Mtakatifu, hata kwenye ripoti liliwahi kuponyoka.

Baada ya ajali, mkubwa wetu wa kazi, ambaye tunamwita Tai kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni, aliniita akanipa pole, akaniambia nipumzike. Wakubwa walitaka ajali ile irudiwe kwenye chumba chetu, na yeye aliona si haki nikae pale. Nilimwambia hakuna anayekijua chumba kile kama mimi, na kama si mimi atamweka nani. Akakubali kwa sharti kwamba mwenzangu Miwani akae nami kila wakati, asiniache peke yangu hata dakika. Miwani ni kijana mpole, haongei, na macho yake bila vioo hayaoni hata mlango. Alikuwa akiniletea chai bila kuniuliza.

Tukairudia siku ile. Treni ya mizigo mbele, imesimama mlimani ikisubiri taa. Treni ya kaka nyuma, inapanda. Kompyuta ikafanya ilivyotakiwa: iliona mbele kuna treni, ikamwashia aliye nyuma taa nyekundu. Tukarudia na mvua, ingawa siku ile hapakuwa na mvua. Tukarudia na umeme unaokatikakatika. Nyekundu. Kila mara nyekundu, mama. Tai akashusha pumzi, akasema mashine yetu ni safi, dereva amepita kwenye taa nyekundu. Hakusema amelala, alinihurumia. Nilikwenda chooni nikafungua bomba la maji nikalia.

Ingeishia hapo kama si yule dereva wa treni ya mizigo. Yeye alipona, alikuwa kichwani mwa treni, mbali na mgongano. Walimleta ofisini ahojiwe. Mtu wa makamo, mkubwa wa mwili, kofia anaizungusha mikononi kama anatafuta ilikoanzia. Aliulizwa kama alifuata sheria zote akasema ndiyo, akaulizwa tena akasema ndiyo. Alipokuwa akitoka akaniona mlangoni, na ninavyofanana na Kobe huhitaji kuambiwa. Akarudi akaketi. Akasema kuna jambo, ila kila mtu hulifanya.

Akaeleza kwamba treni nzito ikisimama mlimani haiondoki kirahisi. Mabehewa yote yamevutana, yamekazana kwa nyuma, injini ikivuta inavuta mlima mzima kwa mpigo. Kwa hiyo dereva huiachia irudi nyuma kidogo tu, mabehewa yalegee, yagusane, halafu ndipo anavuta, na yanaondoka moja moja kwa zamu. Kitabu kinakataza. Madereva wote wa mizigo hufanya, tangu enzi za baba zao, maana bila hivyo watalala mlimani. Siku ile alifanya hivyo. Alisema hakuona ubaya, alirudi nyuma kama urefu wa chumba hiki, akaonyesha ukuta hadi ukuta, kisha akajifunika uso kwa kofia.

Miwani na mimi tulitazamana. Mtakatifu wetu hajawahi kurudi nyuma hata mara moja. Hatukumfundisha, kwa sababu kitabu kinakataza. Miaka yote tuliijaribu kompyuta ile kwa mvua na ukungu na panya watafuna nyaya, wala hatukuwahi kuijaribu kwa dereva anayefanya wanavyofanya madereva. Wewe mteja alipokuja kujaribu nguo hukumwacha asimame tu kama mti, ulimwambia inua mikono, inama, kaa, maana nguo hupasuka kwapani mtu akijinyoosha. Sisi tulimpima aliyesimama wima.

Siku hiyo hiyo tukamfundisha Mtakatifu dhambi. Nitakueleza kwa kifupi kilichotokea. Kwenye reli kuna kidude kinachohesabu magurudumu. Yaliyoingia kwenye kipande cha njia na yaliyotoka yakilingana, kompyuta inajua kipande hicho ni kitupu. Treni ya mizigo ilisimama nusu imeshatoka, nusu bado imo. Iliporudi nyuma taratibu, kompyuta ikadhani ni mtikisiko tu, haikuhesabu. Ilipokwenda mbele tena, magurudumu yale yale yakahesabiwa mara ya pili kama yametoka. Hesabu ikalingana, na mabehewa ya mwisho bado yamo ndani ya kipande kile. Kwenye kioo chetu taa ya nyuma ikageuka kijani. Miwani akavua miwani yake akaiweka mezani, akaendelea kutazama kioo ambacho najua alikuwa hakioni.

Kaka alikuwa na taa ya kijani, mama. Aliitwa.

Sitamtukana Tai. Alipoona ile kijani alisimamisha treni zote za mlima ule kwa simu kabla hata hajakaa, na aliposhusha simu alisema sisi ndio, si yeye. Lakini aliniambia pia ukweli mwingine, na alikuwa na haki. Alisema tume inayochunguza ajali itauliza: sawa, taa ilikuwa kijani, lakini dereva aliye macho akitoka kwenye kona ataiona taa ndogo nyekundu ya mkiani mwa treni iliyo mbele, atafunga breki. Je, alifunga? Kisanduku kinachorekodi mwendo wa injini kiliungua. Mikono ya breki ilipondwa haitambuliki. Aliyekuwa na jibu tumemzika.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Hata mimi niliamini alilala. Nilijua alikesha kwako, nilimjua Kobe, mtu wa kusinzia akisubiri chai ipoe, na watu waliposema alisinzia moyo wangu ulisema inawezekana. Mazishini nilipolia nilikuwa nalia na kumkasirikia pamoja. Kwa hiyo nilipokaa kwenye kile kiti kuitafuta breki yake sikuwa natafuta kama alilala. Nilikuwa natafuta aliamka saa ngapi.

Tulichokuwa nacho ni jinsi mabehewa yalivyolala baada ya ajali. Polisi walipima yote wakapiga na picha. Injini imejikunja, behewa la kwanza limepondeka, la pili limelala mkingamo, na la tatu limesimama kwenye magurudumu yake. Basi kwenye karatasi yetu unaweza kumlaza dereva na kumwamsha utakapo, kisha ukatazama mabehewa yanalala vipi. Yakilala kama kwenye picha, umeupata ukweli. Relini ungeujuaje? Ungegonganisha treni ngapi za kweli, uue watu wangapi, ili ujue mtu mmoja alikuwa macho?

Nikamlaza. Treni ikagonga kwa kasi yote, mabehewa yote yakatumbukia bondeni. Si kama kwenye picha. Nikabonyeza kitufe, treni ikarudi kituoni, ikapanda tena mlima, nikamwamsha mapema kidogo. Si hivyo. Mapema zaidi. Si hivyo. Kila mara ilikuwa lazima ipande mlima, izunguke kona, igonge. Mchoraji wa picha zetu alikuwa ameweka nukta nyeupe mahali anapokaa dereva, na kila ikigonga nukta ile inazimika. Nilimuua kaka yangu siku nzima, mama, kisha nikanawa mikono nikala mkate.

Mwisho nikafika kwenye wakati wa Mtakatifu mwenyewe, yaani wakati ambao dereva wa kitabuni, aliyelala usiku kucha na kupumzika, akiona taa ya hatari hutumia kuifikia breki. Nilidhani hapo ndipo. Hata hapo behewa la tatu lilipanda juu ya la pili likayapasua yote mawili. Miwani akasema labda tumekosea uzito, tukapima upya. Labda reli ilikuwa na umande, tukaipangusa. Haikusaidia. Sikuelewa. Kisha nikajaribu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, nikafunga breki mapema kuliko Mtakatifu.

Yakalala kama kwenye picha. Yote matatu, mama, hadi lile la tatu limesimama kwenye magurudumu yake.

Miwani alirudia mwenyewe, asiniamini. Ikawa vile vile. Mkono wa kaka ulikuwa kwenye breki mara tu taa ile ya mkiani ilipochungulia kwenye kona. Alikuwa na taa ya kijani, alikuwa na haki ya kujipweteka na kufikiria mambo yake, na bado macho yake yalikuwa mbele. Alikesha kwa ajili yako, ndiyo. Na mtu huyo aliyekesha aliifikia breki kabla ya dereva wa kitabuni ambaye hajui hata homa ni nini.

Bado kuna moja, na hili ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Kwenye injini kuna breki mbili. Ya kwanza ni ya treni nzima, ukishaivuta inabaki imefunga yenyewe. Ya pili ni ya injini peke yake, na hiyo ina springi, ukiiachia inarudi, lazima uigandamize kwa mkono. Madereva hufundishwa kwamba ikishindikana, vuta ile ya kwanza, kisha kimbia, pita mlango wa nyuma ukajilaze. Muda wa kufanya hivyo alikuwa nao. Mabehewa yale hayalali kama kwenye picha isipokuwa breki ya pili nayo imegandamizwa mpaka mwisho. Nilimwomba Miwani akalete chai, ndiyo mara pekee alipovunja sharti la Tai, nikalijaribu lile lingine peke yangu. Dereva anavuta ya kwanza, anaiacha ya pili, anakimbia.

Anapona, mama. Nukta inabaki nyeupe. Na behewa la tatu linapanda juu ya la pili na watu wake wote.

Behewa la tatu lilijaa siku ile. Walitoka humo wamevunjika mikono, wamepasuka vichwa, lakini walitoka kwa miguu yao au kwa machela, hai. Yule jirani yako wa mlango wa bluu alikuwemo, huyo huyo aliyeacha kukuletea nguo na anayevuka barabara akikuona. Usimwambie. Au mwambie, mimi sijali tena.

Ripoti imeshafika kwa tume. Itasomwa hadharani, nami nitasimama kuieleza, na itasema wazi kwamba taa ilikuwa ya kijani, kwamba kosa lilianzia mezani kwetu, na kwamba dereva alikuwa macho. Tai ametia sahihi yake chini ya yangu. Huenda wote wawili tukafukuzwa, sijui, na siku nyingine naona ingekuwa nafuu. Kwa sasa madereva wanakuja chumbani kwetu, mmoja mmoja, wanakaa kwenye kile kiti na kutuambia yote wanayoyafanya ambayo kitabu kinakataza. Wa kwanza kuja alikuwa yule wa treni ya mizigo. Mtakatifu sasa anarudi nyuma mlimani, anasinzia, anapiga chafya, anachelewa, na kompyuta tunaitengeneza upya mpaka ijue kuishi na mtu wa aina hiyo. Watu watapanda mlima ule wakiwa wamelala midomo wazi. Tungelifanya hili Kobe alipomcheka yule dereva wetu, nisingekuwa nakuandikia barua hii, na hilo nitakwenda nalo kaburini.

Jana kabla ya kufunga chumba nilifanya upuuzi. Niliianzisha siku ile tena. Nikaiacha treni itoke kituoni, ipite daraja, ianze kupanda, na kabla haijafika kwenye kona nikasimamisha kila kitu. Nukta nyeupe ikawa imetulia pale, inasubiri. Kwenye njia ya kweli hakuna kitufe cha namna hiyo. Nilikaa nayo mpaka mlinzi alipogonga mlango.

Basi mama, funua cherehani. Sikuambii usilie, mimi mwenyewe nalia, ila lia kwa jambo la kweli, lile la uongo liachie watu wa sokoni. Kula, walau kwa ajili ya wifi anayepika na kumwaga. Msalimie sana yeye, wabusu wajukuu, na umwambie shangazi kwamba lisemwalo mara nyingine halipo. Nitakuja ripoti ikishasomwa, na uniandalie karatasi nikate gauni, nataka kushika kitu ambacho kikiharibika tunawashia jiko.

Maisha yake yote tulimcheka. Alichelewa shuleni, alichelewa kwenye harusi yake mwenyewe, chakula kilimpolea mezani na wewe ukimsubiri kuosha vyombo. Siku moja tu alitakiwa awahi, mama. Kobe wetu aliwahi.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wako